Mianya ya hadithi kwenye Mass Effect: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu unahusu gemu tatu za Mass Effect: ya kwanza (2007), ya pili (2010) na ya tatu (2012), ambazo tangu Mei 2021 zinauzwa kwa pamoja kama Legendary Edition. Unafichua kila kitu hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo ambaye hajamaliza aufunge hapa. Kwa ufupi: unamchezesha Kamanda Shepard, mwenye meli iitwayo Normandy, dhidi ya Reapers, meli-mashine zenye akili zinazovuna jamii za galaksi.

Kazi ya mwongozo ni kukusaidia kupambanua. Umeona mambo mawili kwenye hadithi yanagongana. Je, ni tundu kweli, au kuna maelezo uliyoyaruka? Mara nyingi yapo maelezo. Pale yasipokuwepo tutasema hayapo, maana mtetezi anayeziba kila tundu kwa maneno yake mwenyewe humpa mbishi ushindi wa bure.

Mpangilio wa kukagua

Fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

Angalia kwanza toleo ulilocheza. Miisho ya gemu ya tatu ilirekebishwa kwa nyongeza ya bure ya Juni 2012 iitwayo Extended Cut. Video nyingi za malalamiko zilirekodiwa kabla ya hapo. Legendary Edition inayo tayari ndani yake.

Kisha sevu, yaani faili iliyohifadhi mchezo na maamuzi yako. Je, uliihamisha kutoka gemu moja hadi nyingine, au ulianza gemu ya pili au ya tatu moja kwa moja? Hili peke yake linatibu robo ya malalamiko.

Baada ya hapo DLC, yaani nyongeza za kupakua. Arrival, From Ashes na Leviathan hazikuwa mapambo. Zimebeba mifupa ya hadithi. Aliyecheza matoleo ya zamani bila hizo amesoma kitabu kilichonyofolewa kurasa.

Halafu Kodeksi, ile kamusi iliyo kwenye menyu. Nusu ya fizikia ya ulimwengu huu imeandikwa humo, wala mhusika yeyote haisemi kwa mdomo.

Mwisho uliza: nani kasema? Sovereign, Reaper wa gemu ya kwanza, ana majivuno; Illusive Man, mkuu wa kundi la Cerberus, ni mwongo; na Baraza la Citadel, kituo cha angani kilicho makao ya serikali ya galaksi, linakana mambo ambayo limeyaona kwa macho. Kauli ya mhusika ni ushahidi wa kile anachokiamini au anachotaka uamini. Haiwi kanuni ya ulimwengu kwa sababu tu imetamkwa.

Dalili: "Nilimwacha Wrex hai, mbona Wreav ndiye kiongozi wa krogan?"

Sevu haikuhamishwa. Ukianza gemu ya pili bila sevu na bila kuchagua lolote, gemu inachukulia Wrex, mwenzako wa jamii ya krogan, alikufa kwenye sayari ya Virmire, Baraza la zamani liliangamia na malkia wa rachni, jamii ya wadudu, aliuawa. Tiba ni kuhamisha faili ya sevu iliyofika mwisho wa gemu iliyotangulia, au kutumia Genesis, ile katuni shirikishi mwanzoni inayokuuliza maamuzi makubwa. Ukikosea hapo huwezi kurekebisha katikati, anza upya.

Zipo dalili za jamaa hii ambazo sevu haina kosa. Ulimuua malkia wa rachni Noveria, lakini gemu ya tatu ina rachni na ina malkia: huyo ni wa kutengenezwa na Reapers, na ukimhurumia atawageuka wahandisi aliotumwa kuwasaidia. Ulimchagua Anderson kuwa diwani wa Baraza, lakini aliyekalia kiti ni Udina: Anderson alikiachia akarudi jeshini. Unaweza kusema waandishi walikwepa gharama ya kutengeneza matawi mawili ya hadithi, na utakuwa sahihi. Ila uvivu na tundu ni vitu viwili tofauti.

Dalili: "Kama Reapers wangeweza kuja kwa kuruka tu, gemu ya kwanza yote ilikuwa ya nini?"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo lenye utetezi mzuri kuliko yote, kwa hiyo tulichambue bila haraka.

Kwenye gemu ya kwanza Sovereign anahangaika kuifungua Citadel, ambayo kumbe ni rilei kubwa, yaani lango la kurushia meli mbali, inayoelekea kwenye giza la nje ya galaksi, walikojificha wenzake. Anashindwa. Kwenye gemu ya tatu wenzake wanatokea hata hivyo, miaka kama miwili na nusu baadaye. Mlalamikaji anasema: basi mlango ulikuwa wa nini?

Anza na hesabu. Kodeksi ya gemu ya kwanza inasema meli ya kawaida yenye injini ya kupita kasi ya nuru huenda takriban miaka-nuru 12 kwa siku, yaani nusu mwaka-nuru kwa saa. Njiani kiini cha injini kinajikusanyia umeme tuli, na kwa wastani baada ya saa 50 hivi hakina tena nafasi. Lazima meli isogelee sayari iumwage, la sivyo umeme utawarukia waliomo. Saa 50 ni miaka-nuru 25. Huko nje ya galaksi hakuna sayari ya kumwagia, kwa hiyo meli ya binadamu au ya turian haifiki popote.

Reapers si hivyo. Kodeksi ya gemu ya tatu inakadiria wanakwenda karibu miaka-nuru 30 kwa saa 24, na hawaonekani kuhitaji kumwaga umeme. Zidisha: 30 kwa siku ni karibu 11,000 kwa mwaka, na kwa miaka miwili na nusu ni kama 27,000. Umbali wa namna hiyo unatosha kutoka nje ya galaksi na kuingia ukingoni. Kwa hiyo uwezo wa kuruka umeandikwa na unahesabika. Haukuchomekwa ili kuokoa jahazi.

Linabaki swali la kwa nini mlango. Jibu analo Vigil, ile programu ya Waprothean (jamii iliyovunwa mzunguko uliopita) iliyobaki kwenye sayari ya Ilos, na watu wengi hulikosa kwa sababu humsikiliza wakiwa na haraka ya kumkimbiza Saren, kibaraka wa Sovereign. Thamani ya Citadel ni mshtuko, wala si ufupi wa safari. Reapers wakitokea humo, pigo la kwanza linaua serikali yote ya galaksi. La pili linawapa kumbukumbu zote: sensa, ramani za nyota, makoloni. La tatu ndilo baya zaidi: wanazima rilei, na kila mfumo wa nyota unabaki kisiwa bila mtumbwi. Hapo wanavuna kisiwa kimoja kimoja, kwa miongo, bila kukutana na jeshi lililoungana.

Ukitaka kuona nini kinatokea mlango ukikosekana, icheze gemu ya tatu. Rilei zinafanya kazi, meli za jamii mbalimbali zinakutana, na mtambo wa Crucible, silaha dhidi ya Reapers, unajengwa huku vita ikiendelea. Hakuna kati ya hayo ambalo Waprothean walipata nafasi ya kulifanya wakiwa pamoja. Utetezi wa gemu ya kwanza, basi, ni gemu ya tatu yenyewe.

Kosa la kawaida kwenye ubishi huu ni kujibu kwa "walikuwa na haraka." Hawana haraka. Mzunguko wao ni miaka 50,000.

Swali dogo linaloambatana: kwa nini Sovereign hakutuma ishara tu, kama mizunguko iliyopita? Aliituma. Ishara huwaamrisha Keepers, wale wadudu watunzaji wa Citadel, wafungue mlango. Wanasayansi wachache wa Ilos waliosalia kwenye majokofu ya usingizi, kama kumi na wawili hivi, walipita kwenye rilei ndogo iitwayo Conduit hadi Citadel, wakawabadilisha Keepers wasiitikie tena. Ndiyo maana Sovereign akahitaji mtu wa kwenda kubonyeza kwa mkono, na mtu huyo alikuwa Saren.

Dalili: "Sawa, wamefika. Mbona hawaendi kuichukua Citadel siku ya kwanza?"

Hapa tahadhari: tundu lipo. Kuna viraka viwili, na vyote vinavuja.

Kiraka cha kwanza ni mikono ya Citadel. Ikifungwa, kituo kinakuwa boksi gumu, na Kodeksi inasema kulipiga kwa mizinga kungechukua siku kadhaa kabla ya kuleta madhara ya maana. Sawa, lakini Reapers wana siku kadhaa, na Kai Leng, muuaji wa Cerberus, na askari wa kundi hilo nusura waitwae kwa alasiri moja.

Kiraka cha pili ni kwamba baada ya Waprothean kuharibu mfumo, Citadel haikuwa na faida tena kwa Reapers mpaka walipopata habari za Crucible. Hiki kina mantiki zaidi: wanaiteka mara tu Illusive Man anapowaambia. Lakini kuzima rilei kungekuwa bado na faida kubwa, na hakuna anayetueleza kwa nini walikata tamaa nalo.

Shina la tatizo ni Catalyst. Gemu ya tatu inasema akili inayowaongoza Reapers inakaa ndani ya Citadel. Kama ilikuwemo humo siku zote, ilimhitaji Sovereign kwa lipi? Gemu ya kwanza haimjui kabisa kiumbe huyo. Mwandishi wake mkuu alikuwa Drew Karpyshyn, na ya tatu ikaongozwa na Mac Walters. Unaweza kudai kwamba Catalyst huamrisha kupitia Keepers na kamba hiyo ilikatwa Ilos, na kwa kweli ndiyo nadharia nzuri kuliko zote zilizopo. Ila itaje kuwa nadharia. Haijasemwa popote ndani ya gemu.

Dalili: "Arrival inasema rilei ikilipuka inateketeza mfumo mzima. Mwishoni zote zinalipuka. Basi kila mtu kafa?"

Kagua toleo kwanza. Kwenye miisho ya Machi 2012 lalamiko hili lilikuwa halali: picha zilionyesha rilei zikipasuka moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeeleza tofauti. Extended Cut ilibadilisha picha na maneno. Rilei zinaharibika na pete zake kukatika, kisha tunaambiwa zinaweza kutengenezwa.

Hata bila marekebisho hayo, matukio mawili si sawa. Kwenye Arrival (Machi 2011), asteroidi iliyofungwa injini inagonga rilei ya Alpha ikiwa imejaa nishati yake yote. Nishati hiyo inatoka ovyo pande zote, na mfumo wa Bahak unateketea pamoja na batarian zaidi ya 300,000. Mwishoni mwa gemu ya tatu, Crucible inatumia nishati ya rilei kusukuma wimbi kwenda rilei inayofuata. Kinachovunjika ni chombo kilichokwisha kumwagwa. Mtungi wa gesi uliojaa ukigongwa na lori si sawa na mtungi mtupu uliopasuka.

Mfano huo wa mtungi hufanya kazi vizuri kwenye ubishi. Utumie.

Dalili: "Wenzangu walikuwa nami London. Wamefikaje kwenye Normandy?"

Toleo la zamani: tundu tupu, halina utetezi. Extended Cut ilichomeka onyesho ambapo Shepard anaiita Normandy kuwachukua waliojeruhiwa katikati ya mbio za kuuelekea mwale wa kupandia Citadel, na baadaye Admirali Hackett anaamuru meli zote ziondoke kwenda mahali pa kukutania. Kwa hiyo Joker, rubani wa Normandy, hakukimbia vita. Alitii amri, tena kwa kusitasita.

Ila kila dawa ina madhara yake. Onyesho hilo limezaa tundu jipya: Reaper Harbinger, aliyekuwa akilipua kila kinachosogea, anaitazama Normandy ikitua, ikipakia na kupaa bila kuifyatulia. Mashabiki husema ni kwa sababu meli ina kile kitambulisho cha Reapers ilichofungiwa kwenye gemu ya pili. Ni wazo la kupendeza, lakini meli yenyewe ipo mbele ya macho yake. Liache hili lipite, usilitetee.

Dalili: "Bunduki zilikuwa hazihitaji risasi. Gemu ya pili, zinahitaji klipu."

Mabadiliko yenyewe yana sababu. Kwenye gemu ya kwanza bunduki inakata chembe ndogo kutoka kwenye kipande cha chuma, kwa hiyo risasi haziishi. Kinachoisha ni uvumilivu wa bunduki kwa joto. Ikichemka unasubiri ipoe. Kodeksi ya gemu ya pili inaeleza kwamba geth, jamii ya mashine, waligundua kuwa kwenye vita vya ngao, anayeshinda ni anayemwaga risasi nyingi kwa muda mfupi. Wakaanza kutumia vifyonza joto vya kuchomoa na kutupa, ambavyo ndivyo klipu za joto, na watengenezaji wengine wakaiga. Unachobadilisha ni kibeba joto. Risasi bado zimo.

"Basi kwa nini usisubiri ipoe klipu zikiisha?" Hakuna jibu kwenye gemu ya pili. Ya tatu inakiri kimya kimya: bunduki ya Javik, Mprothean wa From Ashes, inapoa yenyewe, na DLC ya Citadel (Machi 2013) inakupa ile M-7 Lancer ya mfumo wa zamani.

Sasa matundu mawili ambayo hayazibiki. La kwanza: Shepard alikufa muda mfupi baada ya gemu ya kwanza, akalala miaka miwili, akaamka kwenye kituo cha Lazarus, alikofufuliwa na Cerberus, na papo hapo akalalamika kwamba bastola aliyopewa haina klipu. Kazijulia wapi? Unaweza kusema zilianza kusambaa wiki chache kabla ya kifo chake. Ni finyu, lakini inapita.

La pili halipiti. Kwenye kazi ya mwenzako Jacob unatua sayari ya Aeia, ilikoanguka meli ya Hugo Gernsback miaka kumi nyuma na watu wake hawakutoka tena. Klipu zimetapakaa kila kona. Hapo mbunifu wa uwanja alihitaji mchezaji asiishiwe risasi, basi. Mtu akikutajia Aeia, mpe pointi yake mwendelee.

Dalili: "Shepard alianguka kutoka angani hadi kwenye sayari. Hakuna cha kufufua."

Nenda kituo cha Cronos, karibu na mwisho wa gemu ya tatu, na uwashe rekodi zote za video kabla ya kusonga mbele. Wengi huzipita. Humo wanasayansi wa Cerberus wanakiri kwamba ubongo ulikuwa umekufa kitabibu, na Shepard mwenyewe anaanza kujiuliza yeye ni nani. Bei nayo imetajwa mapema: miaka miwili na krediti bilioni 4. Hadithi haidai kwamba ilikuwa rahisi. Inadai kwamba ilifanyika mara moja, kwa fedha ya kujengea majeshi, na hairudiwi. Kama fizikia ya kuingia angahewa la Alchera, sayari aliyoangukia, bado inakusumbua, una haki. Suti ngumu inaeleza mwili kubaki kipande kimoja, lakini haielezi zaidi ya hapo.

Dalili: "Collectors waliionaje Normandy wakati mfumo wa kujificha umewashwa?"

Collectors ndio maadui wanaoilipua Normandy mwanzoni mwa gemu ya pili. Mfumo wa kujificha unaficha joto tu. Unalifungia kwenye vifyonza ndani ya meli ili vitambuzi vya mbali visilione, na kwa saa chache tu meli ikiwa mwendoni. Ukizidisha, waliomo wanaiva. Umbo la meli halifichwi. Anayechungulia dirishani anaiona. Mabaharia wanashangaa kwa sababu geth hawachungulii, wanategemea vitambuzi. Aliyekuja siku hiyo hakuwa geth.

Dalili: "Shepard na wenzake wanaelewaje Kiprothean cha Vigil?"

Ni mambo mawili yaliyochanganywa. Rekodi chakavu mnayoikuta mwanzo Ilos inaeleweka kwa Shepard peke yake, kwa sababu ya Cipher, ufunguo wa kuelewa fikra za Waprothean, aliopewa kwenye sayari ya Feros. Sikiliza, wenzake wanasema hawaelewi. Vigil anaeleweka kwa wote kwa sababu alikuwa akinasa mawasiliano yenu tangu mlipoingia, akatafsiri. Anasema mwenyewe.

Dalili: "Mashine zinaua watu ili watu wasiuawe na mashine. Huu ni upuuzi."

Ukiishia kwenye maneno ya Catalyst, ndiyo, unasikika upuuzi. Cheza Leviathan (Agosti 2012) kabla ya kufika mwisho. Leviathan, jamii ya kale, walitawala jamii nyingine kama watumwa. Jamii hizo zikaunda mashine, na mashine zikawamaliza wenye nazo. Ushuru wa Leviathan ukapotea. Wakaunda Akili Bandia na kuipa kazi ya kuhifadhi uhai kwa gharama yoyote. Ikaanza kwa kuwageuza walioiunda kuwa Reaper wa kwanza, Harbinger, kwa sababu kwa hesabu yake Reaper ni hifadhi: jamii nzima kwenye chupa moja isiyovunjika.

Kwa hiyo usitetee kwamba Catalyst ana haki. Tetea kwamba ana hitilafu inayoeleweka: alipewa lengo bila mipaka na wenye kiburi, na yeye mwenyewe ndiye mfano wa kwanza wa mashine kuwageuka walioiunda. Gemu inalijua hilo. Ukipatanisha geth na quarian, jamii iliyowaunda, kwenye sayari ya Rannoch, umemletea ushahidi unaompinga. Tatizo halisi liko kwenye mazungumzo ya mwisho: Shepard hawezi kumwekea ushahidi huo mezani hata kama amani hiyo aliileta yeye mwenyewe saa chache za mchezo zilizopita. Extended Cut iliongeza maswali ya kumuuliza Catalyst. Hilo haikuliongeza.